Turubai likishashushwa: namna ya kumbeba mfiwa, na misiba isiyofungiwa turubai

Mkeka wa Mbele

Wakuu, salaam. Naomba uzi huu uwe wa kazi. Kila anayechangia aseme kitu ambacho mtu anaweza kukifanya kesho asubuhi.

Dar tunajua kuzika. Taarifa ikitoka alfajiri, hadi adhuhuri turubai limefungwa, viti vimeshushwa, kamati imekaa, wa daftari yupo mezani na kina mama wameshawasha moto uani. Kinachotushinda ni kinachofuata. Matanga yakianuliwa, mwenye turubai anakuja na kirikuu chake, hesabu inasomwa, wa mkoani wanawahi basi Mbezi, na mfiwa anabaki na sebule isiyo na makochi na masufuria ya watu. Siku zile za mwanzo mwili ulikuwa na ganzi: anapokea wageni, anajibu simu, watu wanasema "amejikaza". Ganzi inaachia wiki ya pili, ya tatu, mwezi wa pili. Hapo mlangoni hakuna mtu.

Kwa hiyo kamati isivunjwe siku ya hesabu. Ipunguzwe. Katika lile grupu la WhatsApp la watu 180, wabaki 6 wanaokaa karibu kiasi cha kufika kwa daladala moja. Kila mmoja ashike wiki yake, akimaliza wa sita mnaanza upya, hadi wiki 12 zitimie. Mwenye wiki anakwenda mara mbili, anakaa kwa muda wa saa moja au moja na nusu, na aende na kazi: kununua umeme wa LUKU, kwenda sokoni, kukaa na watoto ili mfiwa aoge na alale. Asimwambie "ukihitaji chochote sema", maana mtu aliyechoka vile hana nguvu ya kufikiri anahitaji nini, na hawezi kuomba. Aandike hivi: "Jumatano saa kumi nakuja na mboga, nitaondoka saa kumi na moja na nusu. Usipike." Kisha afike.

Fedha. Kabla hesabu haijasomwa, kubalianeni kwamba katika kila shilingi 10 za rambirambi, 2 haziguswi hadi arobaini ipite. Mahali pengi fedha zote huishia kwenye mchele, nyama na usafiri, na mwezi wa pili mwenye nyumba anadai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Fungu hilo liandikwe ndani ya daftari lilelile, mbele ya watu, kwa jina la mfiwa. Lisipoandikwa, ndani ya mwezi linageuka ugomvi wa shemeji na wifi.

Jambo la mwisho, tuache kuwapimia watu zile hatua tano za huzuni (kukataa, hasira, kubembeleza, majonzi mazito, kukubali). Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizitoa mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa wa Chicago waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Hakuwa anawapangia wafiwa ratiba. Kinachofanana zaidi na tunachokiona mitaani ni walichoeleza watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi, saa hii yuko kwenye kilio, saa ijayo anahangaika na bili ya maji au anacheka akitazama mpira. Kwenda na kurudi huko ndiko kunamtibu. Anayecheka Jumanne hajasahau, na anayelia mwezi wa tano hajarudi nyuma.

Nesi wa Zamu

Asante mkuu. Mimi naongeza habari ya mwili, maana msiba unaua na walio hai.

Wenye presha na kisukari huacha dawa zao ndani ya saa 24 za mwanzo. Wamelala kwa ndugu, mkoba umebaki nyumbani, wanakunywa soda na kula pilau saa tisa usiku. Kamati imteue mtu mmoja, wa dawa tu: akusanye kadi za kliniki za wazee wa msiba, ajue nani anameza nini saa ngapi, na ahakikishe anayechoma insulini anakula kwa wakati. Asiyekula kabisa apewe uji mwepesi nusu kikombe kila saa mbili. Ameharisha au ametapika, pakiti moja ya ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja ya maji safi, anakunywa kidogo kidogo.

Kuzimia chini ya turubai mara nyingi ni joto, njaa na kusimama muda mrefu. Mlaze chali, inua miguu, fungua nguo za shingoni, na watu wasogee. Usimmiminie maji mdomoni hajazinduka, yataingia kwenye mapafu. Asipozinduka ndani ya dakika moja, au akilalamika kifua kinabana na maumivu yanakwenda mkono au taya, hiyo si ya kupepea kanga. Gari, hospitali, wakati huohuo. Siku za mwanzo baada ya kufiwa hatari ya mshtuko wa moyo hupanda kweli.

Sasa vidonge vya usingizi. Naona watu wanampa mfiwa Valium ya duka la dawa ili "atulie", kisha anaendelea nayo mwezi mzima. Inalaza, lakini huzuni inamsubiri palepale, na baada ya wiki chache mwili unaizoea. Ukiiacha ghafla usingizi unakimbia kuliko mwanzo. Ikichanganywa na pombe inaweza kuzima pumzi. Iwe ni siku chache, kwa maelekezo ya daktari, basi. Kinachofaa zaidi ni kuamka saa ileile kila siku hata kama usiku haukulalika, kutoka nje juani asubuhi, kutolala mchana zaidi ya nusu saa, na chai ya rangi au kahawa isipite saa nane mchana. Usiku ukikaa macho kama dakika 20, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija.

Mpita Njia wa Mbagala

Kwa mjane aliyeko eda inakuwaje? Wengine wanamzuia hata kutoka uani.

Ustadhi wa Kona

Waalaykum salaam, mkuu. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi kwa mwandamo, inaanza siku ya kufa mume, haihesabiwi kuanzia mazishi. Aliye mjamzito, eda yake inaisha akijifungua. Ndani yake anaacha mapambo na manukato, na analala nyumbani kwake. Haikatazi hospitali, haikatazi kliniki, haikatazi kutafuta riziki wala kufuatilia haki yake mahakamani pakiwa na haja. Wanaomfungia ndani bila dawa wanafuata mila zao, wasiseme ni dini.

Na kulia hakukatazwi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitokwa machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni maombolezo ya kujipiga na kuchana nguo. Tena alipofariki Jaafar, Mtume aliagiza familia yake ipikiwe chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Leo tunafanya kinyume, mfiwa ndiye anatulisha. Majirani wapike, hata kama ni sufuria moja ya wali na mchuzi kwa zamu ya siku tatu.

Kuna wakati mmoja wa kuangaliwa sana: eda ikiisha. Wakati wa eda ana shughuli ya kutimiza na watu wanamzunguka. Siku ya 131 hivi anarudi kitandani peke yake. Mwenye zamu asimkose wiki hiyo.

Mkunga Tandika

Niruhusuni niongee kirefu juu ya msiba usio na turubai, wa mimba iliyoharibika na mtoto aliyezaliwa amefariki.

Hospitalini, mama ana haki ya kuomba kitanda kisichokuwa katikati ya waliojifungua salama. Aombe, au mwenziwe aombe. Aulizwe kama anataka kumwona na kumshika mtoto, asikimbizwe na asilazimishwe. Wapo wanaokataa mwanzoni kisha hutaka baadaye, kwa hiyo ulizeni mara ya pili kabla mwili haujaondoka. Pigeni picha hata kama leo hamtaki kuiangalia, ikae kwenye simu ya shangazi. Hifadhini kile kibandiko cha mkononi chenye jina la mama.

Kosa kubwa la Dar ni hili: wanaume wanachukua kiboksi, wanakwenda kuzika, mama yuko wodini, na hakuna anayemwambia ni wapi. Miaka inapita hajui kaburi la mwanawe. Mtu mmoja apige picha ya mahali, ahesabu safu kutoka njiani, aweke alama isiyong'oka, na mama akipata nguvu apelekwe. Kwa Waislamu, mimba iliyopita miezi minne hukafiniwa na kuzikwa. Suala la kuswaliwa mafakihi wametofautiana, aulizwe imamu wenu kabla ya kutoka hospitali. Kwa Wakristo, mwambieni padri au mchungaji, wapo wanaofanya ibada fupi ya familia.

Maziwa. Hakuna anayemwonya, na yanashuka siku ya pili hadi ya tano hata mtoto hayupo, pia kwa mimba iliyotoka baada ya wiki ya 16 hivi. Ni maumivu ya mwili na ya moyo kwa pamoja. Avae sidiria ya kukamata vizuri mchana na usiku. Asifungwe kanga kwa nguvu kifuani, inaziba mirija na kuleta jipu. Kitambaa cha maji baridi dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Yakijaa hadi yanauma akamue kidogo kwa mkono, kiasi cha kupunguza mkazo, asiyamalize, kwa sababu ukimaliza mwili unaelewa kuna mtoto ananyonya na unaongeza. Wiki moja au mbili yanakwisha. Ipo dawa ya kukausha lakini daktari ndiye aamue, hasa kwa aliyekuwa na presha ya ujauzito. Titi likiwa jekundu, la moto, na homa imefika 38, arudi hospitali. Vilevile damu ikijaza pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo.

Kabla ya kuruhusiwa, waulize: sababu imejulikana? Kundi la damu ni lipi? Akiwa hasi (Rh negative), kuna sindano inayotakiwa ndani ya saa 72. Presha, sukari, kaswende na malaria vimepimwa? Na wajue mimba nyingine inaweza kushika wiki chache tu baada ya kuharibika, hivyo wazungumze uzazi wa mpango kabla ya kutoka, wasubiri hadi wenyewe wawe tayari.

Maneno ya kuacha: "bado mdogo, utazaa mwingine", "afadhali hukumzoea". Ulizeni jina la mtoto. Kama alipewa, litumieni.

Kijiti

Na baba je?

Mkunga Tandika

Baba ndiye anakimbizwa na makaratasi na boksi, kisha watu wanamuuliza "mama anaendeleaje?" Muulize yeye mwenyewe, kwa jina lake: "Wewe unalalaje?" Wanaume wengi hawataongea wakiwa wametazamana, wataongea mkitembea, mkiosha gari, mkiwa njiani kwenda kaburini. Mpe nafasi hiyo.

Mwalimu wa Darasa la Pili

Watoto. Mtoto wa chini ya miaka mitano hajui kwamba kifo hakirudi. Atauliza baba anakuja lini mara 20, na kila mara jibu liwe lilelile. Karibu na miaka saba wengi huelewa. Aambiwe mapema, ndani ya saa za mwanzo, na mtu anayemwamini, wamekaa chini: "Baba amekufa. Moyo wake umesimama. Haumwi, hasikii njaa, na hatarudi. Wewe utakaa na mama hapahapa." Sentensi hiyo ya mwisho msiisahau, maana swali lake la ndani ni nani atanipikia.

Tusiseme "amelala": ataogopa kulala. Tusiseme "amesafiri": atasubiri, akijua amedanganywa hatawaamini kwa lingine. "Mungu alimpenda akamchukua" humfanya amwogope Mungu. Na kama marehemu alijiua, aambiwe na watu wake kwa maneno machache, kwamba aliugua akilini hadi akajitoa uhai na si kosa la mtoto, kabla hajaambiwa na wenzake shuleni.

Msibani awe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni yeye peke yake. Aulizwe kama anataka kwenda kaburini, aelezwe atakachokiona: watu watalia, jeneza litashushwa, kaburi litafukiwa. Akikataa katikati, mtu wake aondoke naye.

Mwalimu wa darasa apewe taarifa siku anayorudi. Kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo ya mama na kushuka kwa masomo ni kawaida miezi miwili mitatu. Ikizidi, au akisema anataka kumfuata marehemu, tafuteni msaada. Ile namba 116 ya simu kwa mtoto haitozwi.

Kinachoniumiza ni kugawana watoto siku ya kuanua matanga: huyu kwa mama mdogo Kigamboni, huyu kwa babu. Mtoto aliyepoteza mzazi anapoteza na ndugu, shule na kitanda kwa wiki moja. Kama hakuna hatari, wakae pamoja angalau hadi muhula uishe, halafu ukoo ukae tena.

Afisa Utumishi

Kwa waajiriwa, kwa ufupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa kufiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Ni siku 4 kwa mzunguko mzima wa miezi 36, hata misiba ikiwa mitatu, na mtoto akiugua zinatoka humohumo. Mjomba, shangazi na wakwe hawamo. Za ziada ni makubaliano na mwajiri bila malipo, au unakata likizo ya mwaka. Beba nakala ya kibali cha mazishi. Mama ambaye mtoto amefariki ndani ya mwaka mmoja wa kuzaliwa ana siku 84 za ziada za malipo, na wengi hawajui.

Akirudi kazini, umakini unapungua kwa wiki kadhaa. Msimpe fedha taslimu za kuhesabu wala mashine. Dereva na wa bodaboda aanze na safari fupi za mchana.

Kifo kiandikishwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ndani ya siku 30. Mfiwa asipelekwe peke yake. Kuandika jina la mtu wako kwenye fomu ya kifo ni msiba mwingine.

Mzee wa Jamvi

Naheshimu wote, ila haya mazungumzo mengi ndiyo yanachimbua kidonda. Sisi tuliambiwa kazi ya Mungu haina makosa, ukajifuta, ukaendelea.

Mkeka wa Mbele

Shikamoo mzee wangu. Imani inabeba watu wengi na sitaigusa. Tena upo ukweli ndani ya usemi wako: kumlazimisha mtu asimulie kifo kila mgeni anapoingia kunaumiza, na kamati iteue msemaji mmoja wa kueleza "ilikuwaje" ili mjane asirudie mara 60. Lakini sentensi ile akiisema mfiwa mwenyewe ni faraja; akiambiwa na mgeni mlangoni, inamfunga mdomo. Tumsubiri aiseme yeye.

Mzee wa Jamvi

Marahaba. Hapo tumeelewana.

Kisiki

Na aliyepotea? Hakuna mwili, hakuna matanga.

Nesi wa Zamu

Huo ndio mgumu kuliko yote. Mtafiti Pauline Boss aliuita upotevu usio na hakika, na alichokiona ni kwamba familia inavunjika pale inapolazimishana kuchagua upande: huyu anasema yu hai, yule anasema tusome hitima. Ruhusuni yote mawili yakae nyumba moja.

Ripoti polisi, chukueni namba ya RB (namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi), iandikeni mahali kila mtu anaiona. Pitieni wodi na vyumba vya maiti vya Muhimbili, Amana, Temeke na Mwananyamala, waende wawili, asiende mama. Baada ya wiki za mwanzo, tengeni siku moja ya juma ya kutafuta na kupiga simu. Siku zilizobaki watu wale, wafanye kazi. Simu zote za "nimemwona, nitumie nauli" zipokelewe na mtu mmoja mwenye kichwa baridi, na hakuna fedha inayotoka kabla ya picha ya leo au sauti yake. Matapeli hufuata matangazo ya waliopotea kama inzi.

Tumaini la Kimara

Talaka, kazi kupotea, nyumba iliyowekewa X nyekundu ikabomolewa, hizi pia ni misiba, na mwenye nayo haletewi hata kilo ya sukari. Naye mpenzi ambaye familia haikumjua, anasimama nyuma kabisa kaburini bila kushikwa mkono. Pelekeni sukari. Kwa walioachana, zimeni stetasi za mwenzenu wa zamani kwa siku 90. Kama kuna watoto, mazungumzo yawe ya watoto tu, kwa maandishi, saa moja iliyopangwa. Aliyepoteza kazi aendelee kuamka saa ileile na atoke nyumbani kabla ya saa tatu.

Kijiti

Nitajuaje imefika mahali pa daktari?

Nesi wa Zamu

Huzuni huja kwa mawimbi, katikati kuna upenyo: anakula, anatabasamu kwa jambo la mtoto. Sonona haina upenyo, siku nzima ni ileile, na mtu anajiona hana thamani. Kusikia sauti ya marehemu au kuhisi amepita ukumbini miezi ya mwanzo ni kawaida, si wazimu, usimpeleke kwa mganga kwa hilo. Lakini sauti ikimwamrisha ajidhuru, ni leo hii. Vivyo hivyo akisema anataka kufa, akigawa vitu vyake, au akikataa maji. Asiachwe peke yake, na dawa na sumu ya panya ziondolewe nyumbani.

Nje ya dharura, mwongozo wa kimataifa wa magonjwa unaotumika tangu 2022 unazungumzia miezi 6: kama bado kila siku shauku ya marehemu inamzuia kazi, kula, kulea. Aanzie kituo cha afya apate rufaa ya kliniki ya afya ya akili hospitali ya mkoa au Muhimbili. Hata hospitali ya kawaida ina afisa ustawi wa jamii, muulizieni kwa cheo hicho. Aende na kadi zake za dawa na karatasi yenye saa alizolala kwa siku saba.

Tumaini la Kimara

Na vitu vya marehemu? Kwetu vinagawiwa arobaini.

Mkeka wa Mbele

Mgao usubiri neno la mjane au mzazi, hata kama wifi amekuja na begi tupu. Kwanza tenga karatasi: kitambulisho, kadi za benki, hati, vitabu vya kliniki, chochote chenye mhuri, kwani mirathi itavihitaji. Pili, nguo moja ambayo haijafuliwa, ndani ya mfuko unaofungwa vizuri, harufu inakaa muda mrefu. Iliyofuliwa hairudi. Tatu, simu. Nakili sauti za WhatsApp na picha kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya mwezi wa kwanza, laini msiitupe, na isiachwe bila kutumika, maana kampuni huifunga na namba hupewa mtu mwingine. Siku moja mama atapiga asikie sauti ngeni. Fedha zilizomo kwenye simu haziguswi na mwenye kujua PIN, zinangoja msimamizi wa mirathi.

Nguo zilizobaki zinaweza kukaa sandukuni mwaka mzima. Haziozi.